Tupa za mkono na tupa za mota: Ipi inafaa kwa mzizi wa jino uliopinda?

JINO linapouma usiku kucha, wengi hupambazukiwa na wazo moja tu, nalo ni kuling'oa. Hata hivyo, kwa jino ambalo bado lina sehemu ya kutosha iliyo nzima, ipo njia ya pili inayozidi kujulikana katika kliniki za mijini, yaani kutibu mfereji wa mzizi na kulibakiza jino mahali pake.

Anayechagua njia hiyo hukutana na swali jingine ambalo hakulitarajia. Baadhi ya kliniki hutangaza kuwa zinafanya kazi hiyo kwa mashine, na gharama yake huwa juu kuliko pale inapofanywa kwa mkono. Mgonjwa hubaki akijiuliza kile anacholipia zaidi ni nini hasa. Je, mashine inatibu vizuri zaidi, au ni mbwembwe za biashara tu?

Jibu la haki linategemea kwanza umbo la mzizi wenyewe. Katika mzizi ulionyooka, daktari makini anaweza kupata matokeo mazuri kwa chombo chochote kati ya hivyo viwili. Tofauti huanza kuonekana pale mzizi unapopinda, na mizizi mingi ya magego imepinda. Makala haya yanaeleza sababu za tofauti hiyo, faida na hatari za kila chombo, na mambo ambayo mgonjwa anapaswa kuyauliza kabla ya kuketi kwenye kiti cha daktari.

Ndani ya jino mna nini

Jino lina tabaka ya nje iitwayo enameli, ambayo ni ngumu kuliko kitu kingine chochote mwilini. Chini yake ipo dentini, na katikati upo uwazi wenye kiini hai cha jino. Kiini hicho ni mkusanyiko wa mishipa ya damu, mishipa ya fahamu na nyama laini. Uwazi huo huteremka ndani ya kila mzizi ukiwa mfereji mwembamba hadi kwenye ncha, ambako mishipa huingia kutoka kwenye mfupa wa taya.

Jino linapotoboka hadi kiini kufikiwa, bakteria hupata mlango. Kiini huvimba, na kwa kuwa kimezungukwa na kuta ngumu, hakina pa kupanukia. Ndiyo maana maumivu yake huwa makali mno. Baadaye kiini hufa na kuoza, bakteria hujaa mferejini, na maambukizi hupenya kwenye ncha ya mzizi hadi mfupani, ambako huweza kufanya jipu.

Vidonge vya kuua bakteria haviwezi kulimaliza tatizo hilo peke yake. Dawa ya kumeza husafirishwa na damu, na damu haifiki tena ndani ya mfereji ambao kiini chake kimekufa. Hapana budi mfereji wenyewe uingiwe na kusafishwa.

Daktari hulitia ganzi jino, hulitoboa kwa juu, huondoa mabaki ya kiini, kisha huupanua mfereji taratibu kwa tupa nyembamba mfano wa sindano. Lengo ni kuupa umbo la faneli ndefu, mpana kwa juu na mwembamba kwenye ncha, ili dawa ya kuosha iweze kufika chini na mfereji uweze kujazwa na kuzibwa barabara.

Ugumu uko kwenye maumbile. Gego la kwanza la taya ya chini kwa kawaida huwa na mizizi miwili na mifereji mitatu. Gego la kwanza la juu huwa na mizizi mitatu, na mara nyingi mifereji minne. Mifereji hiyo ni nadra kunyooka kabisa. Mwaka 1971 mtafiti Schneider alipendekeza namna ya kupima mpindo kwa kutumia picha ya eksirei, na kipimo chake kinatumika hadi leo. Mfereji wenye mpindo usiozidi nyuzi 5 alihesabu kuwa umenyooka, wa nyuzi 10 hadi 20 una mpindo wa wastani, na wa nyuzi 25 hadi 70 una mpindo mkali.

Aidha, picha ya kawaida ya eksirei huonyesha mpindo wa kuelekea kushoto au kulia tu. Mzizi uliopinda kuelekea shavuni au ulimini huweza kuonekana kana kwamba umenyooka. Kwa hiyo daktari mwangalifu huuchukulia kila mfereji wa gego kuwa umepinda mpaka athibitishe vinginevyo.

Tupa ya chuma na tabia yake ya kunyooka

Tupa ya kwanza ya mizizi inayokumbukwa katika historia ya taaluma hii ilitengenezwa mwaka 1838 na daktari wa meno wa Marekani, Edwin Maynard, kwa kuchonga kamani ya saa. Tupa ya mkono inayotumika leo hutengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu, nayo ina kishikio kidogo cha plastiki ambacho daktari hukishika kwa ncha za vidole.

Rangi ya kishikio hutaja unene. Tupa namba 10 ni ya zambarau, 15 nyeupe, 20 ya njano, 25 nyekundu, 30 ya buluu, 35 ya kijani na 40 nyeusi. Namba hiyo ni kipimo cha ncha kwa sehemu za mia za milimita, hivyo tupa nyekundu ina ncha ya milimita 0.25. Kutoka kwenye ncha, sehemu yenye makali huendelea kwa milimita 16, na kwa tupa ya kawaida ya mkono unene huongezeka milimita 0.02 kwa kila milimita moja ya urefu. Mwisho wa makali hayo, tupa nyekundu huwa imefikia milimita 0.57.

Vipimo hivyo vinaonekana vidogo, lakini vina uzito mkubwa. Kanuni ya fizikia inasema kwamba ukakamavu wa waya wa mviringo huongezeka kwa kipeo cha nne cha unene wake. Waya ukinenepa mara mbili, ukakamavu wake huongezeka mara 16. Kwa sababu hiyo tupa namba 10 ya chuma hupita kwenye kona bila taabu, ilhali namba 25 au 30 ya chuma hicho hicho hukataa kupinda na kutaka kurejea kwenye unyoofu wake.

Tupa inayotaka kunyooka ndani ya mfereji uliopinda haikwaruzi kuta zote sawasawa. Karibu na ncha huusukuma ukuta wa nje wa kona, na katikati ya mpindo huusukuma ukuta wa ndani. Kadiri daktari anavyoendelea kukwaruza, mfereji mpya huanza kuchimbika pembeni ya ule wa asili.

Madhara yake yanajulikana vizuri. La kwanza ni kidato, yaani ngazi ndogo inayochongwa kwenye ukuta wa nje wa kona. Kila tupa inayofuata hugota hapo, na sehemu ya chini ya mfereji haifikiwi tena. La pili ni ncha ya mfereji kupanuliwa upande mmoja hadi tundu lake kuchukua umbo la tone, jambo linalofanya iwe vigumu kuliziba. La tatu, na baya zaidi, ni kutoboa ubavu wa mzizi. Katika magego ya chini, ukuta wa mzizi wa mbele unaotazamana na mzizi mwenzake ni mwembamba sana, na ukikwaruzwa kupita kiasi hutoboka.

Mwaka 1975 Mmarekani Franklin Weine na wenzake walionyesha jambo hili wazi kwa kutumia mifereji ya kuigiza iliyotengenezwa ndani ya vipande vya plastiki angavu. Kila mtu aliweza kuona kwa macho jinsi tupa za chuma zinavyouhamisha mfereji kutoka njia yake, hata mikononi mwa watu wenye ujuzi.

Kwa mgonjwa, makosa hayo si mambo ya kitaalamu ya mbali. Jino lililoachwa na kidato huweza kutulia kwa miezi au hata miaka, kisha bakteria waliosalia chini ya kidato hicho wakaamsha maumivu upya. Wakati huo mgonjwa ameshalipa, na bado jino linakwenda kung'olewa.

Ujuzi wa mkono

Haifai kudhani kwamba tupa ya mkono ni chombo kilichopitwa na wakati. Kwa zaidi ya karne moja madaktari wametibu magego yaliyopinda kwa vidole vyao, na wametengeneza mbinu mahususi za kuishinda tabia ya chuma.

Mbinu ya kwanza ni kuipinda tupa kabla ya kuiingiza, ili umbo lake lifuate umbo la mzizi. Ya pili ni kupanda namba kwa subira, bila kuruka hata moja, na kurudia tupa ndogo mara kwa mara ili njia isizibwe na unga wa dentini. Ya tatu ni kuanza kupanua sehemu ya juu ya mfereji kabla ya kufika chini, ili tupa isibanwe njiani. Mwaka 1980 Abou-Rass na wenzake walieleza namna ya kuelekeza mkwaruzo upande wa ukuta mnene, mbali na ule ulio hatarini kutoboka.

Mwaka 1985 James Roane na wenzake walitoa mbinu inayofundishwa hadi leo katika vyuo vingi. Tupa huzungushwa kulia kidogo ili ing'ate ukuta, kisha huzungushwa kushoto huku ikisukumwa taratibu kuelekea chini ili ikate. Kwa mwendo huo tupa hubaki katikati ya mfereji kuliko inapokwaruzwa kwa kwenda na kurudi.

Mbinu zote hizi zina sharti moja, nalo ni muda. Gego moja lenye mifereji minne iliyopinda huweza kumchukua daktari muda mrefu wa kazi ya vidole, na uchovu wa mkono ni adui wa umakini.

Metali kutoka maabara ya jeshi la majini

Mabadiliko makubwa hayakuanzia kwenye kliniki ya meno. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, mtaalamu wa metali William Buehler alikuwa akitafiti aloi mpya katika maabara ya silaha ya jeshi la majini la Marekani, jimboni Maryland. Aloi ya nikeli na titani aliyoigundua iliitwa Nitinol, jina linalounganisha herufi za metali hizo mbili na za maabara hiyo.

Aloi hiyo, ambayo kwa uzito ni takriban asilimia 55 nikeli na iliyobaki titani, ina tabia ya ajabu. Chuma cha kawaida kikivutwa au kukunjwa kupita kidogo tu ya asilimia moja ya urefu wake, hubaki kimepinda. Nitinol huweza kuvutwa hadi karibu asilimia 8, kisha ikarudi kwenye umbo lake. Aidha, inapopindwa haitumii nguvu kubwa kurudi, hivyo haisukumi ukuta wa mfereji kama chuma kinavyofanya.

Mwaka 1988 watafiti Walia, Brantley na Gerstein walichapisha taarifa ya tupa za kwanza za mizizi zilizochongwa kutoka kwenye nyaya za Nitinol zinazotumika kunyoosha meno. Waligundua kwamba tupa hizo zilipindika mara mbili hadi tatu zaidi ya zile za chuma za unene huo huo, na zilistahimili zaidi kusokotwa kabla ya kukatika.

Ugunduzi huo ulifungua mlango wa mota. Tupa ya chuma ikizungushwa mfululizo ndani ya kona huharibu mfereji au hukatika upesi. Tupa ya nikeli na titani huweza kuzunguka mizunguko 250 hadi 350 kwa dakika huku imepinda. Tangu miaka ya mwanzo ya 1990, viwanda vimetoa vizazi kadhaa vya tupa za aina hiyo, na kuanzia mwaka 2007 zikaanza kutumika aloi zilizopitishwa kwenye joto maalumu ili ziwe laini zaidi.

Nyingi ya tupa hizo hunenepa kwa kasi kuliko zile za mkono. Yenye ncha ya milimita 0.25 na ongezeko la 0.06 kwa kila milimita, kwa mfano, ingefikia milimita 1.21 baada ya milimita 16. Hivyo tupa chache huupa mfereji umbo la faneli ambalo kwa mkono lingehitaji tupa nyingi.

Hapa yafaa msomaji atenganishe mambo mawili ambayo matangazo huyachanganya. Unyumbufu unaoulinda mpindo unatoka kwenye metali. Mota inaleta kasi na mwendo usiobadilika. Zipo tupa za nikeli na titani zinazozungushwa kwa mkono, na daktari asiye na mota anaweza kuzitumia na kupata sehemu kubwa ya faida ya metali hiyo. Kwa hiyo swali la iwapo kliniki ina mashine halitoshi. Ni lazima kujua pia tupa yenyewe imetengenezwa kwa metali gani.

Vikiwekwa kwenye mizani

Katika kulinda njia ya asili ya mfereji, ushahidi wa maabara unaelemea upande wa nikeli na titani. Tafiti nyingi zilizolinganisha mifereji kabla na baada ya kupanuliwa zimeonyesha kwamba tupa za mota za metali hiyo hubaki karibu zaidi na katikati kuliko tupa za chuma za mkono, na tofauti hukua kadiri mpindo unavyokuwa mkali. Hata wanafunzi na madaktari wasio na uzoefu mkubwa hufanya makosa machache ya umbo wanapozitumia.

Katika muda, mota hushinda pia. Mgonjwa hukaa kinywa wazi kwa kipindi kifupi zaidi, jambo ambalo si dogo kwa mtu mwenye taya linalouma.

Katika kutoa takataka, mzunguko wa mota hufanya kazi kama parafujo inayozivuta kuelekea juu, ilhali kukwaruza kwa kwenda na kurudi huelekea kuzisukuma zaidi nje ya ncha ya mzizi. Baadhi ya tafiti zimehusisha jambo hilo na maumivu madogo zaidi katika siku za kwanza baada ya matibabu ya mota.

Katika hisia, hata hivyo, mkono haushindiki. Vidole huweza kutambua kona ya ghafla, mgawanyiko wa mfereji au kizuizi, na kusimama. Mota haina hisia hiyo, ingawa mota za kisasa zimewekewa kikomo cha nguvu ya msokoto na hurudi nyuma tupa inapobanwa.

Katika gharama, mkono ni nafuu kwa mbali. Tupa za chuma ni za bei ya chini, hazihitaji umeme, na hupatikana kwa urahisi. Mfumo wa mota unahitaji mota yenyewe, tupa za bei ya juu ambazo maisha yake ni mafupi, na mafunzo ya ziada.

Hatari ya kukatika

Jambo linalowatia hofu wengi ni tupa kukatikia ndani ya mzizi. Huweza kutokea kwa chombo chochote, lakini namna inavyotokea inatofautiana.

Tupa ya chuma ikielemewa, mara nyingi hutoa onyo. Mizunguko yake hufunguka au hupinda vibaya, na daktari mwangalifu huiona na kuitupa. Tupa ya nikeli na titani huweza kukatika bila dalili yoyote inayoonekana kwa macho.

Sababu ni mbili. Ya kwanza ni msokoto, pale ncha inapokwama huku mota ikiendelea kuzungusha. Ya pili ni uchovu wa metali. Tupa inapozunguka ndani ya kona, kila upande wake huvutwa na kubanwa kwa zamu katika kila mzunguko. Kwa mizunguko 300 kwa dakika, nusu dakika tu ni sawa na kuvutwa na kubanwa mara 150. Kila anayewahi kukata waya kwa kuukunja huku na huku anaifahamu kanuni hiyo. Mwaka 1997 Pruett na wenzake walionyesha kwamba kinachopunguza maisha ya tupa si ukubwa wa nyuzi peke yake. Kona fupi ya ghafla huichosha upesi kuliko mpindo mrefu wa taratibu, hata kama nyuzi ni zile zile.

Ndiyo maana tupa hizi hazifai kutumika bila hesabu. Nchini Uingereza, mwaka 2007 madaktari wa meno waliagizwa kuzitumia tupa za mizizi mara moja tu kwa mgonjwa mmoja, ingawa sababu kuu ya agizo hilo ilikuwa hofu ya kuambukiza ugonjwa wa ubongo ambao vijidudu vyake vya protini haviondoki kwa urahisi kwa kuchemsha vyombo. Agizo hilo lilipunguza pia uwezekano wa kutumia tupa iliyochoka.

Wahandisi nao walitafuta suluhisho. Mwaka 2008 Ghassan Yared alieleza namna ya kuitumia tupa ya mota kwa mwendo wa kwenda mbele na kurudi nyuma kidogo badala ya kuzunguka mfululizo. Mwendo huo hupunguza msokoto na uchovu, nao unafanana kwa kiasi fulani na ule wa vidole vilivyofundishwa na Roane. Mifumo ya kibiashara inayotumia mwendo huo iliingia sokoni miaka michache baadaye.

Je, tupa ikikatika jino limepotea? Si lazima. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 na Spili, Parashos na Messer wa Australia ulipitia kumbukumbu za matibabu 8,460. Meno yaliyobakiwa na kipande cha tupa yalipona kwa takriban asilimia 92, na yale ya kulinganisha yasiyo na kipande kwa takriban asilimia 94.5. Matokeo yalipungua zaidi pale jino lilipokuwa tayari na uharibifu wa mfupa kabla ya matibabu. Yafaa kukumbuka kwamba takwimu hizo zilitoka kwenye kliniki ya mabingwa. Kipande chenyewe ni metali safi na hakisababishi ugonjwa. Hatari yake ni kuziba njia ya kuwafikia bakteria walio chini yake. Mgonjwa ana haki ya kuambiwa jambo hilo likitokea, ili jino lifuatiliwe kwa picha za baadaye.

Kinachoponya ni usafi

Mwaka 2001 Ove Peters na wenzake walitumia picha za kompyuta zenye kina kuchunguza magego ya juu yaliyopanuliwa kwa aina nne za tupa za nikeli na titani, mojawapo ikiwa ya mkono. Katika zote nne, asilimia 35 au zaidi ya kuta za mifereji haikuguswa kabisa.

Matokeo hayo yanaeleza ukweli muhimu. Mfereji si bomba la mviringo. Una vijipembe, mapezi na matawi ambayo tupa inayozunguka haiwezi kuyafikia. Kazi ya kuua bakteria waliojificha humo hufanywa na maji ya dawa, hasa sodiamu haipokloraiti, ambayo ni ya jamii moja na dawa za klorini za kufulia nguo nyeupe. Tupa hufungua njia ili dawa ifike chini. Daktari anayemaliza upesi kwa mota na kuosha kwa haraka ameitupa nusu ya faida aliyoipata, kwa kuwa dawa inahitaji muda.

Vilevile, mate yenye bakteria hayatakiwi kuingia ndani ya jino wakati wa kazi. Kwa ajili hiyo jino hutengwa kwa kipande cha mpira mwembamba kinachofunika mdomo, mbinu iliyoanzishwa na Sanford Barnum wa New York mwaka 1864. Kipande hicho humlinda pia mgonjwa asimeze tupa au dawa.

Mwaka 2008 Ng na wenzake wa London walikusanya tafiti za miaka mingi kuhusu matokeo ya matibabu ya mizizi. Waliyoyaona kuwa na mchango mkubwa ni manne: jino kutokuwa na uharibifu kwenye ncha ya mzizi kabla ya matibabu, mfereji kujazwa bila mianya, ujazo kufika ndani ya milimita 2 kutoka ncha bila kuivuka, na jino kuzibwa vizuri kwa juu baada ya kazi. Mota haimo katika orodha hiyo. Mchango wake ni wa kupitia njia nyingine, kwa kuwa mfereji uliolindwa umbo lake ni rahisi kujazwa hadi mwisho bila mianya.

Kabla ya kuketi kwenye kiti

Yapo mazoea ya kuzungumza kana kwamba daktari huchagua kati ya mkono na mota. Kliniki makini huvitumia vyote. Tupa ndogo ya chuma ya mkono, namba 8 au 10, huingia kwanza, ikatafuta njia na kuthibitisha kwamba mfereji unapitika hadi mwisho. Njia ikishalainishwa kwa mkono hadi takriban namba 15, ndipo tupa za mota hufuata. Kuiingiza mota katika mfereji ambao haujapimwa kwa mkono ni kukaribisha kidato na kukatika kwa tupa.

Katika Afrika Mashariki, ambako hospitali nyingi za umma bado hung'oa meno mengi kuliko zinavyoyatibu mizizi, suala hili lina uzito wa pekee. Daktari mwenye tupa za mkono, kipande cha mpira, dawa ya kuoshea na subira anaweza kuokoa meno mengi yenye mipindo ya wastani. Mpindo mkali wa gego la nyuma ni jambo jingine. Hapo tupa za nikeli na titani, za mota au za mkono, zinastahili gharama yake, na kama kliniki haina, kupewa rufaa ni busara.

Mgonjwa anaweza kuuliza maswali machache bila kumvunjia daktari heshima. Je, picha ya eksirei inaonyesha mzizi umepinda kiasi gani? Tupa zitakazotumika ni za chuma au za nikeli na titani, na zimeshatumika mara ngapi? Jino litatengwa kwa mpira? Litawekewa nini juu baada ya mizizi kuzibwa?

Swali hilo la mwisho husahauliwa na wengi. Utafiti wa Aquilino na Caplan wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2002, ulionyesha kwamba meno yaliyotibiwa mizizi bila kuvikwa kofia yalipotea kwa kasi mara sita ya yale yaliyovikwa. Mwenye fedha za kulipia ama mota ama kofia, huku mzizi wake ukiwa na mpindo mdogo, atafanya vema kuizingatia kofia kwanza. Mwenye gego lenye kona kali hana budi kuvipangia bajeti vyote viwili, au kujadiliana na daktari kuhusu tupa za mkono za nikeli na titani, ambazo hazihitaji mota.